Mzee Anasafiri Nje kwa Tezi Dume? Soma Hapa Kabla Hujatuma Pesa

Kijana aliingia kwa wakala wetu mmoja pale Bofa saa nne asubuhi, noti zimefungwa kwa mpira, karatasi mkononi, na haraka nyingi. Alitaka kuweka shilingi 85,000 kwenye simu, halafu azitume papo hapo kwa namba iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Wakala, mama wa makamo aliyekaa kwenye kibanda hicho miaka mingi kuliko baadhi yetu tulivyokaa kwenye kampuni hii, alihesabu pesa, akamwekea, halafu akauliza swali moja tu: "Mwanangu, jina limetokea la nani?"

Kijana akatazama simu. Karatasi ilisema pesa ni za hospitali, India. Jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mtu, la kwanza na la pili, Mkenya kama sisi.

Sisi tulikuwepo kwa bahati tu. Huwa tunazunguka pwani hii, Malindi hadi Mtwapa, kuzungumza na mawakala na wateja, na asubuhi hiyo tulikuwa tumekalia benchi la mama tukinywa madafu. Kijana aliposita akatugeukia. "Nyinyi ndio wa kampuni? Basi niambieni, hii nitume nisitume?"

Hatukumjibu mara moja. Tulimwomba aketi, atueleze hiyo pesa ni ya nini. Na alichotueleza ndicho kilichotufanya tuandike makala hii, kwa sababu tangu siku hiyo tumekutana na familia nyingine zenye hadithi ya namna hiyo hiyo: mzee ana tezi dume, kuna mtu amesema India, na pesa zinachangwa kwa simu. Familia imeturuhusu tuisimulie, mradi tusitaje jina la mtu.

Foleni ya Mtwapa

Baba yake ni mgema wa zamani. Hata alipoacha kupanda minazi aliendelea kuishi katikati yake, hapo hapo Bofa, upande wa pili wa barabara ya kwenda ufuoni. Kwa miaka miwili alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano, kwenda haja ndogo. Mkojo unakuja kwa kujikokota, unakatika, akirudi kitandani anahisi haujaisha. Hakumwambia mtu. Mkewe alijua kwa sababu ya mlango unavyolia usiku. Watoto walichojua ni kwamba baba hapendi tena safari ya Mombasa, wakadhani ni uzee. Kumbe ni foleni ya Mtwapa. Mtu mwenye tezi dume akikwama pale saa nzima ndani ya matatu, amebanwa katikati ya abiria, hiyo si safari tena.

Usiku mmoja mkojo ukakataa kabisa. Saa nane za usiku tumbo limejaa chini ya kitovu, limekaza kama ngoma, mzee anatokwa jasho. Kijana akampigia jirani mwenye tuktuk, wakakimbia hospitali ya kaunti mjini Kilifi. Akawekewa mpira wa mkojo, na baada ya dakika chache mzee akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua gunia. Alirudi nyumbani na mpira, na mfuko wake, na barua ya kwenda kumwona daktari bingwa wa mfumo wa mkojo.

Tuseme hili kabla hatujafika kwenye pesa: mkojo ukikataa kabisa, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Haingoji mchango wala visa. Kimbia hospitali iliyo karibu, mengine yatafuata.

Sisi si madaktari, kazi yetu ni pesa. Lakini tumewauliza wanaojua, kwa sababu mtu asiyejua anachougua ni rahisi kuuziwa chochote. Kila mwanamume ana tezi dume. Ni kiungo kidogo, kwa kijana ni kama ndimu ndogo, kimekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija unaotoa mkojo. Umri ukisonga, tezi hukua. Kufikia miaka 60, karibu nusu ya wanaume tezi zao zimeanza kukua, na wakifika miaka 80 na zaidi ni wengi mno. Ikikua, hubana mrija. Kukua huku si saratani, na hakugeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Ndiyo maana daktari hupima damu kipimo kinachoitwa PSA, na hukagua kwa kidole, jambo linalowafanya wazee wengi kuahirisha miadi. Hata PSA ikiwa juu, usikate tamaa ukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani: tezi kubwa peke yake, au maambukizi ya mkojo, huweza kuipandisha.

Matibabu huanza na dawa. Tamsulosin hulegeza misuli inayobana, na mtu huweza kuona nafuu ndani ya siku chache au wiki. Finasteride huipunguza tezi yenyewe lakini hutaka subira, hata miezi sita. Zikishindwa, au mtu akiishi kwa mpira kama mzee wetu, upasuaji hufikiriwa. Unaojulikana zaidi huitwa TURP: daktari hupitisha chombo kwenye njia ile ile ya mkojo na kukwangua sehemu inayobana, bila kupasua tumbo. Zipo pia njia za leza. Wanaume huogopa kuuliza kuhusu nguvu zao, basi tuwaulizie sisi. Kwa walio wengi TURP haiondoi nguvu za kiume, ila mara nyingi baada yake mbegu hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Haidhuru mwili, lakini ni vizuri mtu na mkewe waijue mapema, wasije wakashtuka.

Mjumbe na pakeji yake

Barua ya daktari bingwa ilikaa juu ya kabati wiki tatu. Katika wiki hizo akaja jirani na mtu aliyejitambulisha kuwa mjumbe wa hospitali moja kubwa ya India. Alikuwa na karatasi za rangi zenye picha za madaktari, na bei moja: shilingi 950,000, kila kitu ndani, ndege, hoteli, upasuaji. Ofa inaisha Ijumaa. Kinachotakiwa sasa hivi ni 85,000 tu za kushika kitanda.

Binti mkubwa anafanya kazi Doha. Aliposikia baba anatembea na mfuko wa mkojo alilia kwenye simu, akasema pesa zitapatikana, baba asiteseke siku moja zaidi. Kundi la WhatsApp likafunguliwa jioni hiyo hiyo. Mtoto wa mwisho akatoa wazo la kuuza kipande cha shamba, robo eka yenye minazi kumi na tisa. Dalali alikuwa ameshafika kabla hawajakubaliana. Ardhi ya Bofa haikosi mnunuzi. Shida ni kumpata mnunuzi asiyejua kwamba una haraka.

Hatuwalaumu. Kuna imani iliyoota mizizi kwamba ugonjwa mkubwa hutibiwa nje, na wakubwa wenyewe wameipalilia. Wengi wanakumbuka Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Aliwaeleza wananchi wazi anachougua, na hilo lilifanya jema: neno tezi dume likatamkwa redioni mchana kweupe, wazee wakasikia kwamba hata rais anaugua hiyo. Lakini yake ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema, si tezi iliyokua tu kwa umri. Ni magonjwa mawili, na bili zake ni mbili. Januari 2024 Mfalme Charles wa Uingereza, akiwa na miaka 75, alitangaza kwamba anakwenda kutibiwa tezi iliyokua ya kawaida. Watu wengi wakaingia kwenye tovuti ya huduma ya afya ya nchi hiyo kusoma dalili zake. Yeye alilazwa mjini kwake London, usiku wa tatu ukapita, akatoka.

Basi pale benchini tukamuuliza kijana: "Daktari bingwa wa Mombasa alisema nini?"

"Hatujamwona bado."

Mama wakala akatikisa kichwa. "Yaani mnakwenda India kabla hamjafika Mombasa?"

Aliuliza kwa upole, lakini swali lilitua. TURP inafanyika Kenya, Mombasa na Nairobi pia, si jambo geni. Haimaanishi hakuna wa kusafiri. Kuna mwenye tezi kubwa sana na moyo mbovu, kuna ambaye vipimo vimeonyesha saratani na anahitaji tiba fulani, kuna mwenye mtoto ughaibuni atakayemuuguza huko. Lakini uamuzi wa kuvuka bahari unatakiwa kutoka kwa daktari aliyekupima, si kwa karatasi ya rangi.

Kuna na habari ya bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na unaweza kujisajili kwa simu yako kupitia *147#. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Tumesikia watu wakisema SHA italipa India. Sehemu ya SHA ya matibabu ya nje ni ya tiba zisizopatikana nchini, na kibali huombwa kabla ya safari. Tezi iliyokua kwa umri inatibiwa hapa, kwa hiyo usijenge bajeti yako juu ya ahadi hiyo. Hapa nyumbani bima husaidia, ikiwa michango yako imelipwa. Ukisubiri mpaka usiku wa tuktuk ndipo ujisajili, utajikuta unalipa mengi kutoka mfukoni.

Simu iliyokatwa

Kijana hakutuma. Alimpigia mjumbe pale pale, akaweka spika. Tulimwomba aulize mambo mawili: akaunti ya benki yenye jina la hospitali, na barua ya hospitali yenye namba ya mgonjwa na makadirio ya gharama. Mjumbe akasema akaunti ya hospitali ina shida wiki hii, ndiyo maana anapokea yeye. Kuhusu barua, itakuja baada ya malipo. Kijana akasema atasubiri akaunti itengemae. Mjumbe akakumbusha Ijumaa. Kijana akarudia, atasubiri. Simu ikakatwa upande wa pili.

Hatusemi kila mjumbe ni tapeli. Wapo wanaofanya kazi hii kihalali, hospitali ndizo zinazowalipa, na husaidia kweli mtu asiyejua pa kuanzia. Wa kweli haogopi ukipita juu ya kichwa chake. Hospitali kubwa za India zina idara ya wagonjwa kutoka nje. Tafuta namba au baruapepe kwenye tovuti ya hospitali yenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi uliyopewa, uwatumie ripoti za vipimo, uwaombe makadirio kwa maandishi. Kama hospitali inadai ina ithibati ya kimataifa ya JCI, jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya JCI. Ni kazi ya dakika kumi.

Na kwenye simu yako, lile jina linalotokea kabla hujathibitisha ndilo rafiki yako wa mwisho. Lisome. Hospitali haiitwi kwa jina la mtu na babake. Tukiwa wakweli, hii ndiyo sehemu ya huduma yetu ambayo wateja wengi huipita mbio, kidole kimeshafika kwenye kitufe kabla jicho halijasoma. Ukishatuma na ukashtuka, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo, usingoje kuuliza kwanza kwenye kundi la WhatsApp. Zikiwa bado kwenye laini ya aliyepokea, kuna la kufanya. Zikishatolewa taslimu kwa wakala, hatuna pa kuzishika, inabaki kuwa kesi ya polisi.

Mchango uliogoma

Shida ya pili ya familia hii haikuletwa na tapeli. Ilikuwa hesabu. Mweka hazina alikuwa shemeji, mtu mwaminifu, na pesa zote ziliingia kwenye laini yake binafsi. Wiki ya tatu, mjomba kutoka Takaungu akatuma 5,000, zikakataa. Akajaribu tena, zikakataa. Mwingine naye hivyo hivyo. Jioni kundi lilikuwa linawaka: shemeji kafunga laini, shemeji kala pesa, shemeji ameonekana mjini na viatu vipya.

Shemeji hakuwa amekula chochote. Salio lilikuwa limefika 497,300. Kwa kanuni za Benki Kuu ya Kenya, tangu Agosti 2023, akaunti ya pesa kwa simu haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Kabla ya hapo ilikuwa 300,000 na 150,000. Kwa hiyo 5,000 za mjomba hazikuwa na pa kukaa, zikarudi kwake. Meseji ilisema hivyo, lakini nani husoma meseji akiwa amekasirika?

Ukijua mchango wako utazidi nusu milioni, usiuanze kwenye laini ya mtu. Fungua namba ya paybill ya mchango, au akaunti ya benki ya kikundi ambayo pesa za simu zinaingia moja kwa moja, na inayotaka saini zaidi ya moja kutoa. Ukiwa umeshaanza kwa laini ya mtu, hamisha kwenda benki kila wiki na uweke taarifa ya akaunti kwenye kundi, yote, pamoja na ada za kutuma. Ada zikifichwa, hata kama ni mia mbili, ndizo zinazozaa maneno.

Shemeji alikuwa amefanya kosa jingine kwa nia njema. Ili kuonyesha hana siri, aliwapa watu wawili PIN yake. Jamani. PIN ni ya mtu mmoja, hata kwenye harambee, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Pesa zikipotea kwenye laini ambayo PIN yake inajulikana na watu watatu, hakuna atakayejua aliyezichukua, na wote watatu wataishi na jina hilo. Alibadilisha PIN siku hiyo mbele yetu, sisi tukiwa tumegeuza nyuso.

Na kuna hili, ambalo familia ilisita kutuambia. Mtu alichukua picha ya mzee kwenye kundi, mzee ameketi chini ya mnazi, mfuko wa mkojo unaonekana, akaisambaza kwenye makundi mengine na namba yake mwenyewe chini yake. Ilizunguka mpaka Malindi. Wapo waliotuma pesa kwa namba hiyo wakidhani wanamsaidia mzee. Tuliporipotiwa, tulifuata utaratibu wetu dhidi ya laini hiyo, na kesi ipo polisi. Lakini mzee mwenyewe hakuuliza habari za pesa. Alimwambia mwanawe, "Nimeficha miaka miwili. Sasa Kilifi nzima imeona mfuko wangu."

Tangu hapo tunawaambia wateja: picha ya mgonjwa si lazima. Jina la familia, namba rasmi ya mchango, na mtu wa kumpigia kuthibitisha vinatosha. Na wewe unayechanga, piga hiyo simu. Wenye shida kweli hawakasiriki ukiwauliza.

Mwalimu aliyevuka

Kwa upande wa pili tunaye mteja wa Malindi, mwalimu mstaafu, ambaye alisafiri kweli. Tezi yake ilikuwa kubwa sana na ana historia ya moyo. Daktari wake hapa nchini alimshauri atafute upasuaji wa leza kwa timu iliyozoea wagonjwa wa aina yake, akamwandikia barua. Alitutembeza kwenye safari yake kwa mpangilio wa mwalimu, na kalamu nyekundu.

Alianza na hospitali, si na ndege. Barua ya hospitali ya India ndiyo inayokupatia visa ya matibabu. Visa hiyo ya mtandaoni kwa kawaida ni ya siku 60 tangu kuingia, na watu wawili wanaweza kuombewa kumsindikiza mgonjwa. Tovuti ya serikali ya India huishia na gov.in. Ziko nyingine nyingi zinazofanana nayo, zinazokutoza ada juu ya ada, na wateja wetu wameingia humo. Halafu sindano ya homa ya manjano. Kenya iko kwenye orodha ya India, cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mwalimu anasema kuna jamaa walikutana naye uwanja wa ndege Nairobi, amechomwa sindano juzi yake, na miadi ya upasuaji ni kesho kutwa.

Pesa hakuzituma kwa simu kwenda India. Zilizokuwa kwenye simu alizihamisha benki kwa siku mbili, kwa sababu ya kikomo cha muamala, kisha benki ikatuma dola moja kwa moja kwa akaunti ya hospitali, namba yake ya mgonjwa ikiandikwa kwenye maelezo. Alituma sehemu tu, amana iliyotakiwa, na salio akalipa bili ilipotoka. "Ukimlipa fundi zote mwanzo, utamfuata wapi?" alituuliza. Taslimu alibeba kidogo. India hutaka utangaze forodhani ukiingia na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, na hata kama si sheria, mzee mgonjwa hatakiwi kutembea na pesa nyingi hivyo kiunoni.

Kosa lake lilikuwa dogo na likamgharimu siku mbili. Hakufungulia laini yake huduma ya kutumika nje ya nchi. Alipotaka kuhamisha pesa za kumalizia bili, benki ikatuma namba ya kuthibitisha kwa laini ya Kenya, laini haina mtandao, namba haifiki. Upasuaji umeisha salama, mwalimu amepona vizuri, lakini hawezi kutoka kwa sababu ya meseji. Mwanawe alilipa kutoka Nairobi. Kwa hiyo: fungulia laini kabla hujapanda ndege, ijaribu, weka salio la airtime, na usiiache laini yako nyumbani kwa mjukuu eti akupokelee meseji. Laini yenye pesa zako inasafiri na wewe.

Alikaa zaidi ya alivyopanga. Baada ya upasuaji wa aina hii mkojo huweza kuwa na damu damu kwa wiki kadhaa, na kukaa saa nyingi kwenye ndege mapema mno kuna hatari ya damu kuganda miguuni. Daktari aliyempasua ndiye aliyempa ruhusa ya kuruka, si tarehe ya tiketi. Bajeti yake ilikuwa na wiki mbili za ziada za chumba na chakula, na anasema alizitumia zote.

Kilichobaki

Mzee wa Bofa hakwenda India. Daktari bingwa alimwona Mombasa, akampima, saratani haikuonekana, akamfanyia TURP. Bili, pamoja na vipimo na nauli za wiki zote hizo, haikufika nusu ya kilichochangwa, na SHA ilibeba sehemu yake, kwa kuwa mkewe alikuwa amewalipia wote wawili bila kumwambia mtu. Mpira ulitolewa siku ya tatu.

Robo eka haikuuzwa. Dalali bado hupita, husalimia, hutazama minazi.

Pesa zilizobaki ndizo zilizoleta kikao cha mwisho, chini ya mwembe, shemeji na daftari lake. Tulialikwa. Wengine walitaka zigawanywe, kila mtu arudishiwe kwa kadiri alivyotoa. Binti wa Doha aliongea kwa simu, akaomba ziwekwe benki kwa ajili ya mama, maana naye sukari yake haiko sawa. Mjomba wa Takaungu alisimama akasema yeye hadai kitu, zake zilikataa kuingia. Watu wakacheka. Mwishoni walikubaliana: aliyetoa zaidi ya elfu kumi aulizwe mmoja mmoja, zilizobaki ziende akaunti ya familia yenye saini tatu, na shemeji atoe taarifa kila mwezi mpaka achoke yeye au wachoke wao.

Mzee alikaa kwenye kiti chake muda wote, karibu saa mbili, hakuinuka hata mara moja. Mkewe ndiye aliyetuonyesha hilo, kwa kidole, akitabasamu.